Milango Minne ya Siku Moja

Katika jiji la Nakuru, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, siku mpya huingia kwa milango minne tofauti katika kila muda wa saa 24. Kwa Mwislamu anayefuata kalenda ya mwezi, siku huingia jua linapotua, jambo ambalo Nakuru hutokea takriban kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni kutegemea wakati wa mwaka. Kwa serikali, mabenki na magazeti, siku huingia saa sita usiku. Kwa saa ya dunia, yaani saa moja ya pamoja inayotumiwa na wataalamu wa nyota na marubani wa mataifa yote, siku huingia saa tisa usiku kwa saa za Kenya; na kwa hesabu ya kale ya wataalamu hao iitwayo siku ya Juliasi, siku huingia saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali juu ya Ziwa Nakuru. Milango yote minne ni halali, na kila mmoja ulifunguliwa kwa sababu njema, lakini mtu anayeandika tarehe bila kutaja mlango alioupitia humwachia msomaji wake kazi ya kubahatisha.

Kupatwa kwa mwezi kwa mwaka 2018 kunaonyesha jinsi ubahatishaji huo unavyoweza kupotosha. Katika tukio hilo, lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake katika karne ya 21, mwezi ulifunikwa kabisa na kivuli cha dunia kwa muda wa dakika 103, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoweza kulitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Orodha za kimataifa zimeliandika kuwa ni la tarehe 27 Julai 2018, ambayo ilikuwa Ijumaa. Hata hivyo, kwa saa za Nakuru mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa nne na nusu usiku wa Ijumaa hadi saa sita na dakika 13 usiku, wakati ambapo kalenda ya ukutani ilikuwa imeshahamia Jumamosi tarehe 28. Mtu wa Mwambao anayehesabu siku tangu machweo angeuita usiku huo wote usiku wa Jumamosi. Kwa hiyo watu watatu wangeweza kuliandika tukio lilelile kwa tarehe zisizolingana, na pasiwe hata mmoja miongoni mwao aliyekosea.

Mianzo ambayo Kiswahili kinaifahamu

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliogopa jambo hili, kwa kuwa lugha yake yenyewe imebeba mianzo kadhaa ya hesabu kwa karne nyingi. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, ndiyo maana kile ambacho ratiba huandika 7:00 huitwa saa moja asubuhi, na mtoto aliyekulia Nakuru hujifunza mapema kuongeza au kupunguza sita bila kuona taabu. Majina ya siku za juma nayo yamechanganya hesabu mbili. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na kwa mfuatano huo Jumatano ni ya tano. Lakini inayofuata ni Alhamisi, jina lililotoka katika Kiarabu, ambacho huanza kuhesabu Jumapili, na maana yake pia ni siku ya tano. Juma moja basi lina siku mbili za tano zinazofuatana, nazo zimekaa pamoja kwa amani kwa sababu kila mtu anajua kuwa mianzo yake ni tofauti.

Miezi nayo ni hivyo hivyo. Rabiul-Awwal, mwezi wa Maulidi, ni wa tatu katika mwaka wa Hijria, ilhali Waswahili wa Mwambao huuita Mfunguo Sita, kwa kuwa wao huanza kuhesabu pale mfungo wa Ramadhani unapofunguliwa. Tena ipo kalenda ya Nairuzi, ambayo kumbukumbu yake hai ni sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika kila Julai huko Makunduchi, Unguja. Hiyo ni kalenda ya jua yenye siku 365, ambayo siku zake huhesabiwa kwa makumi yaitwayo miongo badala ya miezi, na mabaharia wa Bahari ya Hindi, akiwemo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, waliitumia kutaja nyakati za kusafiri kwa pepo za msimu. Nahodha aliyetaka kujua siku ya kung'oa nanga alihitaji idadi ya siku tangu mwanzo wa mwaka wa jua, wala mwezi wa kuandama usingemfaa, kwa sababu mwaka wa miezi ya Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 na huacha pepo zikipishana na tarehe. Kuhesabu siku moja moja kutoka mwanzo uliokubaliwa, bila kujali miezi, ndilo wazo lilelile ambalo wataalamu wa nyota waliliendeleza hadi likawa siku ya Juliasi.

Hata suala la usiku lilikwisha kupata dawa katika lugha. Kwa Mwambao, usiku wa Ijumaa ni usiku unaoitangulia Ijumaa, ilhali kwa wasemaji wengi wa bara Ijumaa usiku ni ule unaoifuata, na watu wawili wanaoahidiana kukutana wanaweza kukosana kwa saa 24 nzima. Waandishi wa habari wameziba ufa huo kwa maneno matatu tu: wanapoandika kuwa jambo lilitokea usiku wa kuamkia Jumamosi, hakuna msomaji wa Mombasa wala wa Nakuru anayebaki na shaka, kwa sababu usiku umetajwa pamoja na asubuhi yake.

Jua la Nakuru na saa ya Kenya

Chanzo kingine cha mkanganyiko ni kudhani kuwa saa ya ukutani hufuata jua. Nakuru iko karibu nyuzi 36 mashariki ya Greenwich, mahali nchini Uingereza ambapo longitudo huanza kuhesabiwa, na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa, jua hufika Nakuru kabla ya Greenwich kwa muda wa saa mbili na dakika 24. Saa rasmi ya Afrika Mashariki, hata hivyo, imewekwa saa tatu kamili mbele ya Greenwich, yaani mbele ya saa ya dunia, kana kwamba nchi yote iko nyuzi 45 mashariki. Matokeo yake ni kwamba adhuhuri ya kweli, yaani wakati jua linapofika kilele chake angani, Nakuru haitokei saa sita mchana bali kwa wastani saa sita na dakika 36, ikisogea hadi karibu saa sita na dakika 20 mapema Novemba na saa sita na dakika 50 katikati ya Februari, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Tena saa hiyo rasmi haikushuka na jua, kwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Kenya iliwahi kutumia tofauti ya saa mbili na nusu, na baadaye ya saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu.

Tofauti hiyo ya saa tatu huzaa dirisha la kila usiku ambalo mtazamaji wa nyota hana budi kulikumbuka. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, Nakuru huwa imeingia tarehe mpya huku saa ya dunia ikiwa bado katika tarehe ya jana. Bendera ya Kenya huru ilipandishwa Nairobi saa sita usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, lakini Greenwich wakati huo ilikuwa saa tatu usiku ya tarehe 11. Hakuna anayependekeza kuwa sikukuu ya Jamhuri ihamishwe, kwa kuwa tarehe ya taifa ni ya mahali pake. Ila mtu anayekokotoa mahali zilipokuwa sayari usiku ule kwa kutumia majedwali ya saa ya dunia lazima aandike tarehe 11, la sivyo mwezi atakaoupata utakuwa umekosea kwa kiasi cha nyuzi 13, ambao ndio mwendo wake wa siku moja.

Jina moja, vitu vitatu

Siku ya Juliasi ni idadi ya siku zilizopita tangu adhuhuri ya tarehe 1 Januari mwaka 4713 kabla ya Kristo, ikiandikwa kwa nambari moja isiyo na mwezi wala mwaka. Mwanazuoni Joseph Scaliger aliubuni mwanzo huo mwaka 1583 kwa kuunganisha mizunguko mitatu ya kalenda, yaani ya miaka 28, ya miaka 19 na ya miaka 15, ambayo ikizidishwa hutoa miaka 7,980. Na katika karne ya 19 mtaalamu wa nyota John Herschel aliigeuza kuwa hesabu ya siku. Faida yake huonekana mara moja katika kutoa. Tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, ilifikia nambari 2,438,376 adhuhuri ya Greenwich, na tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, ilifikia nambari 2,459,550. Ukitoa moja katika nyingine hupati shida ya miaka mirefu na mifupi wala ya miezi ya siku 30 na 31, bali unapata papo hapo siku 21,174.

Mkanganyiko huanzia katika jina. Kalenda ya Juliasi ni ile iliyowekwa na Julius Caesar mwaka 45 kabla ya Kristo, ambayo kila mwaka wa nne una siku 366 bila kubagua, na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na kalenda ya Gregori mwaka 1582, pale tarehe 4 Oktoba ilipofuatwa na tarehe 15 katika nchi zilizoikubali mwanzo. Siku ya Juliasi si kalenda hiyo, ingawa mwanzo wake hutajwa kwa tarehe yake. Tena viwandani na katika shughuli za usafirishaji yapo mazoea ya kuita tarehe ya Juliasi ile nambari ya siku ndani ya mwaka, kwa mfano 346 kwa tarehe 12 Desemba ya mwaka wa kawaida na 347 kwa mwaka mrefu, nayo haina uhusiano wowote na Scaliger wala na Caesar. Mtu anayekutana na neno hilo hana budi kuuliza kwanza ni kipi kati ya vitu hivyo vitatu kinachozungumzwa.

Kuanza siku adhuhuri huonekana jambo la ajabu kwa mtu anayelala usiku, lakini kwa anayefanya kazi usiku ni busara kubwa, kwa sababu usiku mzima wa kutazama nyota hubaki ndani ya nambari moja. Mwezi uliopatwa mwaka 2018 unathibitisha jambo hilo: kufunikwa kote kuliangukia ndani ya siku ya Juliasi 2,458,327, kuanzia sehemu ya 0.313 ya siku hiyo hadi sehemu ya 0.384, na mpaka wa saa sita usiku uliolikata tukio vipande viwili katika kalenda za Kenya haukuonekana kabisa. Nakuru inanufaika zaidi kuliko nchi zilizo mbali mashariki, kwa maana nambari hiyo hapa hubadilika saa tisa alasiri, wakati nyota hazionekani.

Hata hivyo, mwaka 1957, wataalamu wa Marekani waliokuwa wakifuatilia setilaiti za kwanza kwa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo walitaka nambari fupi zaidi, wakapunguza 2,400,000.5 kutoka katika siku ya Juliasi. Ile nusu iliyo mwishoni ilihamisha mwanzo wa siku kutoka adhuhuri hadi usiku wa manane wa Greenwich, hivi kwamba siku ya Juliasi iliyorekebishwa, kama inavyoitwa, Nakuru hubadilika saa tisa usiku badala ya saa tisa alasiri. Msomaji asiyejua kama nambari aliyopewa ni kamili au iliyorekebishwa anaweza kukosea kwa nusu siku, na kosa la nusu siku ni baya kuliko la siku nzima kwa sababu halishtui macho.

Mtego wa mwaka 1925

Vitabu vya zamani vina mtego mwingine. Hadi mwisho wa mwaka 1924 wataalamu wa nyota walianza siku yao adhuhuri hata walipoandika tarehe za kawaida, wakifuata desturi iliyojulikana tangu zama za Ptolemaio wa Aleksandria, ilhali raia walianza usiku wa manane uliotangulia. Saa 20 ya tarehe 1 Januari 1920 katika daftari la mtaalamu wa nyota ilikuwa kwa raia asubuhi ya tarehe 2. Tarehe 1 Januari 1925 majedwali ya kimataifa yalihamia usiku wa manane, lakini jina la saa ya Greenwich likaendelea kutumika kwa hesabu mpya kama lilivyotumika kwa ya zamani, na ndiyo sababu mwaka 1928 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukapendekeza jina jipya la saa ya dunia. Fundisho lake ni zito: mwanzo wa siku ukibadilishwa na jina likabaki lilelile, makosa hayawezi kuzuiwa, hata miongoni mwa watu makini kupita wote.

Mwezi mpya usioonekana

Neno mwezi lenyewe linahitaji uangalifu. Katika elimu ya nyota, mwezi mpya ni ile nukta ya wakati ambapo mwezi hupita upande uleule lilipo jua ukitazamwa kutoka duniani, na wakati huo hauonekani kabisa. Kwa Mswahili, mwezi mwandamo ni ule uliokwisha kuonekana, yaani hilali nyembamba inayotazamwa magharibi baada ya machweo, na kwa kawaida huonekana jioni moja au mbili baada ya nukta ile. Kalenda ya dukani inapoandika mwezi mpya tarehe fulani, haisemi kuwa mwezi utaandama jioni hiyo. Mwezi huchukua wastani wa siku 29.53 kutoka nukta moja hadi nyingine, kwa hiyo mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na idadi hiyo huthibitishwa kwa macho na kwa tangazo, ambalo Kenya hutolewa na Kadhi Mkuu. Wanaosema kuwa sayansi na macho vinapingana wanachanganya maswali mawili, kwani sayansi hujibu lini mwezi umepita upande wa jua, na macho hujibu lini umeonekana.

Siku yenyewe ina mapacha. Siku ya jua, inayopimwa kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, ina wastani wa saa 24. Siku ya nyota, inayopimwa kwa kurejea kwa nyota mahali pale pale angani, ina saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Tofauti hiyo ya dakika nne hivi ndiyo inayokifanya Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, kutangulia kidogo kila usiku hadi kufikia saa mbili kwa mwezi, na ndiyo iliyowawezesha wakulima kusoma msimu angani. Katika mwaka mmoja wa siku 365 za jua, nyota huwa zimezunguka mara 366.

Pale sekunde inapohesabika

Tarehe 12 Desemba 1970, katika maadhimisho ya miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo ya kwanza kuundwa mahususi kwa ajili ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani, na miongoni mwa ilivyovigundua ni mapigo ya nyota iitwayo Centaurus X-3, yanayorudi kila baada ya sekunde 4.8, huku nyota hiyo ikifichwa na mwenzake kila baada ya siku mbili na ziada kidogo. Kwa vipimo vya namna hiyo hata siku ya Juliasi haitoshi ikiandikwa bila maelezo, kwa maana dunia inapolizunguka jua, mwanga wa nyota ileile hutufikia mapema au kwa kuchelewa hadi dakika nane na sekunde kadhaa ikilinganishwa na jua. Wachunguzi husahihisha muda kana kwamba wameketi kwenye jua, na hutaja kuwa wamefanya hivyo.

Bonde la Ufa lina sehemu yake katika kazi hii, kwa kuwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, karibu na Naivasha, kimetajwa katika mpango wa nchi za Afrika wa kugeuza antena kubwa za zamani kuwa darubini za redio. Darubini hizo husikiliza nyota moja kwa wakati mmoja kutoka nchi mbalimbali, na rekodi zake haziwezi kuunganishwa isipokuwa zimeandikwa kwa saa moja isiyo na utata. Hata sekunde moja inayoongezwa mara kwa mara ili saa ya dunia isiachane na mzunguko wa dunia ina tarehe zaidi ya moja: ya mwisho kuongezwa iliandikwa Greenwich kuwa sekunde ya mwisho ya mwaka 2016, na Kenya ikaingia tarehe 1 Januari 2017, kabla tu ya saa tisa usiku.

Kuhesabu nguzo au nafasi

Yamebaki makosa mawili yanayomnasa kila mtu. La kwanza ni la mwaka sufuri. Katika historia, mwaka 1 kabla ya Kristo hufuatwa moja kwa moja na mwaka 1 baada ya Kristo, lakini wataalamu wa nyota huingiza mwaka sufuri ili kutoa na kujumlisha kuwe sawa, kwa hiyo mwaka 4713 kabla ya Kristo kwao ni hasi 4712. La pili ni la kujumuisha ncha. Kati ya siku ya uhuru na siku ya Nakuru kuwa jiji kuna hatua 21,174, lakini anayezihesabu siku zote mbili za mwanzo na mwisho atapata 21,175, kama vile ua lenye nafasi tisa lilivyo na nguzo kumi. Kiswahili kimejikinga hapa pia kwa kuzipa siku zenyewe majina, kwani anayesema kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo hana haja ya kueleza kama leo imehesabiwa.

Kwa mwalimu wa Nakuru anayewapeleka wanafunzi ukingoni mwa kreta ya Menengai kutazama anga, au kwa yeyote anayetunza daftari la matukio ya mbinguni, wajibu unaotokana na haya yote ni mwepesi kuutimiza. Anaandika usiku kwa tarehe mbili, ya jioni yake na ya asubuhi yake. Anataja saa aliyotumia, iwe ya Afrika Mashariki au ya dunia. Na akitoa nambari ya siku, anasema imeanzia wapi. Kwa utaratibu huo, kupatwa kwa mwezi kwa mwaka 2018 kungeingia daftarini hivi: usiku wa Ijumaa tarehe 27 kuamkia Jumamosi tarehe 28 Julai 2018, mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa nne na dakika 30 hadi saa sita na dakika 13 usiku, saa za Afrika Mashariki. Mstari huo mmoja utaeleweka Makunduchi, Greenwich na Nakuru vilevile, na atakayeusoma miaka mia ijayo hatalazimika kubahatisha mlango.